Kwa nini majabali huporomoka barabarani: maelezo kwa sisi tunaopanda milima ya Oman

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunateremka kutoka Jabal Akhdar, familia nzima ndani ya gari moja, siku ya tatu baada ya mvua. Mbingu ilikuwa safi na jua limechomoza vizuri. Jiwe la ukubwa wa nazi likatoka juu ya mkato wa barabara, likagonga lami mbele yetu, likaruka na kupasua taa ya mbele ya gari. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Nilipokwisha kuisogeza gari mahali pa wazi, binti yangu, wakati ule yuko darasa la nne, akaniuliza: "Baba, mvua imekatika juzi. Mbona jiwe limeanguka leo?"

Mimi nimefanya kazi ya upimaji wa ardhi miaka mingi, na nimetembea milimani pamoja na wanajiolojia na wahandisi wa barabara. Juu ya hivyo, siku ile nilimjibu mtoto kwa maneno mawili matatu tu, kwa sababu mwenyewe nilikuwa bado natetemeka. Makala hii ndiyo jibu kamili. Nimeiandika kwa ajili ya familia zetu, kwa sababu kila sikukuu na kila mvua ikinyesha tunafungasha chai, mikate na watoto tukaenda milimani, na wengi wetu hatujapata kuelezwa kwa lugha yetu kitu gani kiko juu ya vichwa vyetu pale tunapoegesha gari.

Neno moja la kushika tangu mwanzo: jabali haliporomoki kwa sababu moja. Yanakutana mambo matatu, nayo ni nyufa zilizomo ndani ya jabali lenyewe, mkato tuliokata sisi ili barabara ipite, na maji. Mvua mara nyingi ni ya mwisho tu kufika. Ndiyo maana mvua kukatika si dalili kwamba khatari nayo imekwisha.

Milima yetu imejengwa na nini

Milima ya Hajar inaanzia Musandam hadi karibu na Ras al Hadd, urefu wa kiasi cha kilomita 700. Kilele chake kirefu, Jabal Shams, kinafika kiasi cha mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Barabara za Hatta, za Fujairah na ile ya Jebel Jais kule Ras al Khaimah zimo katika safu hii hii, kwa hivyo haya nitakayoyasema yanawahusu na walioko Imarati.

Kwa dereva inatosha kuzijua aina nne za mawe.

Ya kwanza ni mawe ya chokaa. Ndiyo yale majabali ya kijivu yaliyopangika tabaka juu ya tabaka kama vitabu, unayoyaona Jabal Akhdar, Jabal Shams na Jebel Jais. Yalijengeka chini ya bahari isiyo na kina kirefu, kutokana na magamba na mabaki ya viumbe wa baharini, kwa mamilioni ya miaka. Chokaa yenyewe ni ngumu. Udhaifu wake uko baina ya tabaka na tabaka, maana katikati yake mara nyingi pamelala utando mwembamba wa tope lililogeuka jiwe, na utando huo ukilowa hulainika.

Ya pili ni yale mawe ya rangi ya kahawia na meusi unayopita katikati yake ukitoka Maskati kwenda Nizwa kwa njia ya Fanja na Samail. Hayo si mawe ya bara hata kidogo. Ni sakafu ya bahari kuu, pamoja na jiwe la chini yake, iliyoumbika kiasi cha miaka milioni 95 iliyopita, kisha ikasukumwa na kupandishwa juu ya ardhi ya Bara Arabu. Wanajiolojia huyaita ofiolaiti, na ofiolaiti ya Samail ni miongoni mwa kubwa na zinazoonekana vizuri kuliko zote duniani. Wataalamu huja kutoka kila pembe kuitazama. Safari ile ya kusukumwa iliyavunja vunja mawe haya. Ukitazama ukuta wa barabara pale Samail utaona mistari myeupe inayopita ovyo ndani ya jiwe jeusi. Kila mstari mweupe ni ufa wa zamani uliojazwa na madini yaliyoletwa na maji. Sehemu nyengine jiwe limegeuka kuwa sapentinaiti, jiwe la kijani lenye mng'ao, na ukilipapasa unaona linateleza kama sabuni. Mahali penye jiwe hilo mhandisi hulala macho wazi.

Ya tatu ni tabaka nyembamba nyembamba za mawe ya bahari ya kina, nyekundu na kahawia, zilizokunjwakunjwa kama kitambaa. Hizi hazitoi mapande makubwa mara nyingi. Hutoa vipande vidogo vingi, kila siku, na ndizo zinazojaza mitaro ya kando ya barabara.

Ya nne ni changarawe na mawe ya mviringo ya wadi za zamani, yaliyogandana kwa chokaa yakawa kama zege. Yako kandokando ya wadi nyingi, na barabara imekatwa humo. Yanaonekana imara, lakini mvua ikiosha kile kinachoyashikanisha, jiwe la mviringo lililokaa pale maelfu ya miaka hutoka kama kokwa, likabiringika mpaka barabarani.

Jinsi jabali linavyosimama na linavyoanguka

Chukua kitabu ukiweke juu ya kingine, kisha uinue upande mmoja polepole. Mwanzo cha juu hakisogei, msuguano unakishika. Ukifika mwinamo fulani kinateleza chote kwa mara moja. Tabaka za mawe zinafuata kanuni hiyo hiyo. Kwa mawe mengi makavu, yenye nyuso za kukwaruza kidogo, mwinamo huo uko karibu na digrii 30 hadi 35. Utando wa tope uliolowa unaweza kuteleza kwa mwinamo mdogo zaidi.

Lakini mwinamo peke yake hautoshi. La muhimu ni tabaka zinainamia upande gani. Tabaka zikiinamia ndani ya mlima, uzito wake unaziegemeza nyuma. Zikiinamia barabarani, kitu pekee kinachozizuia ni msuguano na ule mguu wa chini. Mlima wa Jabal Akhdar umejikunja kama mgongo wa ngamia: upande wa kusini, unaotazama Nizwa na Birkat al Mouz, tabaka zinashuka pamoja na mteremko wa mlima wenyewe. Upande wa kaskazini, wa Wadi Sahtan na Wadi Bani Awf, mlima umekatika kwa kuta ndefu na vichwa vya tabaka vinaonekana vimechungulia nje. Kwa hiyo ukipanda kutoka Birkat al Mouz fikiria kuteleza, na ukipita chini ya kuta za kaskazini fikiria kuanguka. Ni mlima mmoja wenye tabia mbili.

Namna za kuporomoka zenyewe ni hizi:

Kuanguka kwa jiwe. Pande moja au machache yanabanduka na kushuka kwa kuruka na kubiringika. Hii ndiyo inayotukuta sisi mara nyingi barabarani.

Kuteleza kwa bamba. Tabaka zima linateremka juu ya tabaka la chini yake, kama kile kitabu.

Kuteleza kwa kabari. Nyufa mbili zinakutana ndani ya jabali kama herufi V, na pande lililo katikati yake linatoka kwa kufuata mstari zinapokutana. Mara nyingi ukiona ukutani shimo lenye umbo la V lililo jeupe kuliko pembeni yake, pametoka kabari hapo.

Kupinduka. Nguzo ndefu za mawe zilizosimama wima zinainama mbele kidogo kidogo, mpaka zinaanguka kifudifudi.

Tope la mawe. Mvua kubwa inakusanya changarawe, mchanga na mapande yote ya kwenye korongo, ikayashusha pamoja kama uji mzito. Huja kwa njia ya makorongo, si lazima kwa ukuta wa barabara.

Nikupe hesabu ndogo. Jiwe la chokaa lenye upana wa sentimita 20 lina uzito wa kiasi cha kilo 11. Likianguka wima kutoka mita 30 bila kugusa kitu, linafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 87 kwa saa. Pande la mita moja kila upande lina uzito wa zaidi ya tani 2 na nusu. Paa la gari halikutengenezwa kwa mzigo wa namna hiyo.

Sisi tumefanya nini

Mlima ulioachwa peke yake kwa maelfu ya miaka umekwishatafuta mwinamo wake. Kilichokuwa cha kuanguka kimeanguka, kimelala chini kama kifusi, na kifusi hicho chenyewe kinaegemeza mguu wa mlima. Kisha tunakuja sisi na barabara.

Barabara ya gari inataka upana na inataka mpando usiozidi kiasi. Njia za zamani za miguu na punda zilipita juu ya kingo za asili na kupinda palipopinda mlima. Gari haiwezi hivyo. Basi tunakata mguu wa mteremko, na kwa kukata mguu tunafanya mambo matatu kwa wakati mmoja. Tunaondoa ule mzigo wa chini uliokuwa unaegemeza wa juu. Tunaufanya ukuta uwe wima kuliko ulivyokuwa. Na mara nyengine tunazifungulia tabaka mlango: tabaka lililoinamia barabarani, ambalo mguu wake ulikuwa umezikwa, sasa ncha yake iko hewani na hakuna cha kulizuia lisitoke.

Baruti nayo ina sehemu yake. Ikitumika vibaya haivunji tu kile kinachotakiwa kutoka, inafungua nyufa ndani ya ukuta unaobaki. Nilipokuwa kazini nilijifunza kutazama alama za matundu ya baruti ukutani. Yakionekana kama mistari mirefu iliyonyooka, ukuta ulikatwa kwa uangalifu. Ukuta uliomeguka meguka bila mstari wowote, ujue umeteswa.

Mkato wa barabara hauna tofauti na machimbo katika jambo hili. Mwezi wa Machi 2022 ukuta wa jabali uliporomoka kwenye machimbo ya mawe wilaya ya Ibri, na wafanyakazi zaidi ya 10 wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Jabali lililokatwa linaendelea kutafuta mwinamo wake hata baada ya wafanyakazi na mitambo kuondoka.

Maji, jua na baridi

Sasa tuje kwenye swali la binti yangu.

Watu wengi hudhani maji yanaporomosha mlima kwa kuulainisha, kama mafuta. Hilo lipo, khasa penye utando wa tope. Lakini nguvu kubwa ya maji ni msukumo. Ufa uliosimama wima ukijaa maji kwa kina cha mita 10, chini kabisa maji hayo yanasukuma kwa nguvu sawa na uzito wa tani 10 kwa kila mita moja ya mraba. Hayachagui, yanasukuma nyuma na mbele. Nyuma kuna mlima, mbele kuna pande la jiwe na barabara. Tena yanaingia chini ya pande na kulinyanyua kidogo, na jiwe lililonyanyuliwa kidogo msuguano wake umepungua.

Maskati hupata kwa kawaida mvua ya kiasi cha milimita 100 tu kwa mwaka mzima. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 kilishusha sehemu za milimani milimita 600 hivi, na barabara nyingi zikakatika. Kimbunga Shaheen kilipoingia pwani ya Batinah tarehe 3 Oktoba 2021, Al Khaburah ilipata zaidi ya milimita 300. Katika Shaheen hiyo hiyo, kule Rusayl, kilima kiliporomokea makazi ya wafanyakazi na wawili wakafariki. Hawakuwa safarini wala kwenye barabara ya mlimani. Walikuwa nyumbani, chini ya mteremko uliolowa. Mvua ya miaka mitatu ikimwagika kwa siku moja, nyufa zilizokuwa kavu muda mrefu hujaa kwa saa chache.

Kisha mvua inakatika. Ofiolaiti na chokaa vyote vimejaa nyufa, na maji yaliyoingia juu hayatoki siku ile ile. Yanateremka polepole, ufa hadi ufa, na huweza kufika kwenye ukuta wa barabara baada ya siku kadhaa. Yakitoka, hubeba mchanga na udongo uliokuwa umekaa kati ya mawe kama mto wa kulalia. Pande lililokuwa limekaa sawa sasa linayumba. Utando wa tope uliolowa na kuvimba unakauka, unasinyaa na kuacha nafasi. Yote hayo yanafanyika jua likiwaka na watu wakipiga picha.

Jua lenyewe halikai bure. Uso wa jiwe jeusi katika kiangazi cha Oman hupata moto mkali mchana na kupoa usiku. Jiwe hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Watafiti waliweka vipimo kwenye bamba la granaiti katika milima ya Yosemite, Marekani, na matokeo yao yakachapishwa 2016: lile bamba lilikuwa likijitenga na ukuta mchana na kurudi usiku, kwa karibu sentimita 1, kila siku, bila mvua yoyote. Mchanga ukianguka ndani ya ufa uliofunguka, ufa hauwezi tena kufunga sawasawa, na kesho yake unafunguka zaidi kidogo. Hivyo ndivyo kabari inavyopigwa na maumbile.

Na kule juu, Saiq na Jabal Shams, usiku wa majira ya baridi maji huganda. Maji yakigeuka barafu huongezeka ukubwa kwa kiasi cha asilimia 9. Ndani ya ufa mwembamba hiyo ni nguvu ya kupasua jiwe. Asubuhi barafu ikiyeyuka, kile kilichokuwa kimegandishwa kinaachiwa.

Alama za kule tulikotoka hazitoshi huku

Marehemu baba yangu alifanya biashara Bujumbura, na alizoea barabara inayopanda kutoka mjini kwenda Bugarama. Alikuwa akituhadithia kwamba mlima unaotaka kushuka unatoa khabari: migomba inainama, ardhi inapasuka juu ya kilima, maji ya chemchemi yanageuka rangi. Wazee wetu waliotoka Usambara, Rwanda au Bukavu wana hadithi hizo hizo, na ni za kweli. Kule mvua nyingi na joto vimeyaozesha mawe kwa muda mrefu mpaka yakawa udongo mwekundu wa kina kirefu. Kinachoporomoka ni udongo, na udongo hupinda na kupasuka kabla ya kushuka. Hata hivyo, kule nako kunaweza kuja ghafla: tarehe 3 Disemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang, Tanzania, baada ya mvua kubwa, vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafariki.

Huku Oman hakuna udongo wa kupinda wala migomba ya kuinama. Jabali kavu hukatika kama kigae. Dalili zipo, lakini ni ndogo na ziko karibu na barabara. Kwa hiyo mzee wa kwetu aliyezoea kuusoma mlima wa Burundi asidhani kwamba mlima wa Hajar umetulia kwa sababu tu hauoni ukitikisika.

Kusoma kazi ya wahandisi

Ukipanda barabara nzuri ya mlimani utaona vitu vingi ukutani. Kila kimoja kinakueleza wahandisi wameogopa nini mahali pale.

Vipandio: ukuta mrefu umekatwa ngazi ngazi. Jiwe la juu linaangukia ngazi na kusimama. Ngazi zikijaa kifusi bila kusafishwa huwa mteremko wa kurushia mawe, jiwe likapata kasi badala ya kusimama.

Mtaro mpana kati ya ukuta na lami: huo si mfereji wa maji peke yake. Ni mahali pa kudakia mawe. Anayeegesha gari mle amejiweka pale pale ambapo mhandisi amepanga mawe yaangukie.

Wavu wa chuma: unayashusha mawe madogo polepole mpaka mtaroni. Hauwezi kulizuia pande la tani kadhaa. Ukiona wavu umefura tumbo, ndani yake mna mawe yaliyokwishatoka.

Nondo zilizotobolewa ndani ya ukuta, zenye sahani ya chuma nje: zinashona pande la mbele na jabali la nyuma, kama mtu anavyoshona viraka.

Zege iliyorushwa ukutani: inazuia uso usimeguke. Tazama kama ina mabomba madogo yanayotokeza nje. Hayo ni ya kutolea maji. Yakiziba, maji yanajikusanya nyuma ya zege na ule msukumo nilioueleza unaanza kazi.

Vikapu vya waya vilivyojazwa mawe: vinaegemeza mguu wa mteremko na kuruhusu maji kupita.

Kazi hizi zinapunguza khatari, haziiondoi. Zinamlinda zaidi mtu anayepita kuliko mtu anayekaa. Gari inayopita chini ya ukuta mbovu iko pale kwa sekunde chache. Familia iliyotandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta huo iko pale saa mbili. Khatari yao imezidi mara mamia, na jabali ni lile lile.

Mambo ya kufanya

Haya ndiyo ninayowaambia watoto wangu sasa hivi, wote wakiwa wanaendesha wenyewe.

Baada ya mvua kubwa, acha siku kadhaa kabla ya kupanda mlimani. Maji ya wadi na maporomoko ya maji yanapendeza, lakini siku hizo ndizo nyufa zinazotoa maji. Fuata matangazo ya kufungwa kwa barabara, na palipowekwa kizuizi usikizunguke.

Usiegeshe chini ya mkato, hata kama ndicho kivuli pekee kilichopo. Tafuta uwanja wa kutazamia uliojengwa kwa kazi hiyo, au mahali ambapo juu yako hakuna ukuta. Kwa makisio ya haraka, kaa mbali na mguu wa ukuta kwa umbali usiopungua urefu wa ukuta wenyewe, na palipo na mteremko mrefu juu ya ukuta ongeza zaidi.

Tazama lami kabla ya kutazama juu. Mawe mapya yenye kona kali, vumbi jeupe na vijitundu lamini ni khabari ya leo au jana. Kisha tazama ukuta: kovu lenye rangi nyeupe au mpya kuliko pembeni, ufa ulio wazi unaoonekana mbingu kwa ndani, maji yanayotiririka mahali ambapo pengine pote ni pakavu.

Vijiwe vidogo vikianza kudondoka, usisimame kuangalia. Mara nyingi vidogo hutangulia kikubwa. Endelea mbele ikiwa njia iko wazi. Kama imeziba, rudi nyuma hadi mahali pa wazi. Usishuke kwenda kuondoa jiwe kwa mikono huku juu yako bado panamimina.

Ukigongwa na jiwe na gari bado inakwenda, iendeshe kwanza mpaka utoke chini ya ukuta, ndipo ukague. Washa taa za tahadhari, weka watu upande usio na mlima, kisha piga 9999 kwa Polisi ya Oman, au 999 ukiwa Imarati. Taja kijiji au kituo cha mwisho ulichopita na uelekeo wako, kwa sababu simu milimani hukatika na huenda usipate nafasi ya pili.

Kwa Jabal Akhdar, kituo cha ukaguzi kilichopo baada ya Birkat al Mouz hakiruhusu gari isiyovuta magurudumu manne. Wengine hununa. Sababu kubwa ni mteremko na breki, lakini lipo na hili: dereva ambaye breki zake zimepata moto hulazimika kusimama popote, na hapo popote huenda ni chini ya ukuta mbaya kuliko zote. Shuka kwa gia ndogo ili ubaki na hiari ya kuchagua mahali pa kusimama.

Na mwisho, wazee. Bibi na babu hawawezi kukimbia, na mara nyingi ndio tunaowatafutia kivuli kwanza, tukawakalisha pale karibu kabisa na ukuta kwa kuwahurumia jua. Wabebee mwavuli mkubwa au turubai. Kivuli cha turubai hakina uzito.

Binti yangu sasa ni mtu mzima, na mwaka jana ndiye aliyekuwa akituendesha kwenda Jabal Akhdar. Kwenye kona moja mama yake alisema tusimame kidogo tunywe chai, pana kivuli kizuri. Binti hakujibu neno. Alipunguza mwendo, akautazama mtaro uliojaa mawe mapya, akaendelea kama kilomita 2 mpaka uwanjani. Chai tuliinywa juani, na haikuwa na kasoro.